SOMO: Singo molti iliyomaliziwa kwenye pipa la sheri, namna ya kuinywa nyumbani

Wakuu, swali ni lilelile kila siku: "Nimefungua chupa, mbona nasikia spiriti tu?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

Singo molti ni wiski ya shayiri iliyooteshwa, ya kiwanda kimoja. Kwanza tuelewane neno "kumaliziwa". Wiski hiyo imekaa miaka kwenye pipa la mwaloni, mara nyingi lililowahi kubeba bourbon (wiski ya Marekani), ndipo ikahamishiwa kwenye pipa lililotoka na sheri, mvinyo ulioongezwa nguvu wa Jerez, Hispania. Humo hukaa miezi kadhaa, pengine miaka miwili. Kwa hiyo zabibu kavu, tini na njugu unazozitafuta ni utando mwembamba juu ya vanila na asali. Utando huo unafutika kirahisi.

1. Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana. Harufu ya sabuni isibaki.

2. Mimina mililita 30, iache dakika 10.

3. Nusa ukiwa umeachama kidogo, pua kwenye ukingo. Ukiizamisha ndani, alkoholi inaitia ganzi. Funda la kwanza ni la kuamsha ulimi tu, usilitolee hukumu.

4. Maji. Hapa ndipo nilipoharibu chupa karibu nzima, kwa kukadiria kwa jicho. Mililita 30 za wiski yenye alkoholi asilimia 46 ukizitia kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, umeshuka hadi kama 39. Wiski ya Uskoti hairuhusiwi hata kuuzwa chini ya 40! Nunua bomba la sindano la mililita 5, sindano utupe. Tia nusu mililita, zungusha glasi, subiri dakika mbili, nusa, ndipo uongeze. Kwa asilimia 46 usivuke mililita 2.5. Ya asilimia 58 inabeba mpaka 8, hapo inafika 46.
ANGALIA: maji yenye klorini huua harufu ya matunda. Maji ya friji pia hapana. Ukizidisha, dawa ni kuongeza wiski, na hapo kipimo chako cha jioni kimeshavurugika. Ikipata ukungu baada ya maji, haijaharibika: ni mafuta yake ya asili, kwa sababu haikupozwa na kuchujwa kabla ya kutiwa chupani.

5. Barafu usitie. Baridi hufunga harufu na kuacha ukakasi wa mbao.

MASWALI

Tembo Mdogo: Nimetia barafu na soda, sheri siisikii. Nimeuziwa feki?
Jibu: Hatua ya 5.

Tembo Mdogo: Lakini yangu ni nyeusi kabisa, si ndiyo sheri nyingi hiyo?
Jibu: Rangi si ushahidi. Wiski ya Uskoti inaruhusiwa kutiwa rangi ya karameli, E150a. Na somo hujasoma.

Nyota: Mkuu, lebo moja imeandikwa Oloroso, nyingine PX. Tofauti inasikika?
Jibu: Sana, na umeuliza vizuri. Oloroso ni sheri inayokomaa ikiguswa na hewa, nayo yenyewe ni kavu, yaani haina utamu. Hutoa jozi, ganda la chungwa na viungo. PX ni Pedro Ximénez, zabibu zinazoanikwa juani kabla ya kukamuliwa. Mvinyo wake ni mzito kama asali nyeusi, na wiski hupata tende na molasi. Mimina mililita 15 za kila moja, anza na Oloroso. Ukitangulia PX, ile nyingine itaonekana chungu bure. Jambo jingine: mapipa mengi ya siku hizi hutiwa sheri makusudi, kuyaandaa kwa ajili ya wiski. Si yale yaliyozeesha sheri kwa miongo.

Mlamba Chumvi: Yangu inanuka kiberiti kilichozimwa.
Jibu: Salfa. Mapipa matupu hufukizwa nayo yasioze. Ipe dakika 30 kwenye glasi. Ikibaki, ndivyo ilivyo. Wapo wasioisikia kabisa, wagawie.

Nyota: Chupa niilaze kama mvinyo?
Jibu: Isimame, gizani. Alkoholi kali hula kizibo. Ikibaki theluthi, hamishia kwenye chupa ndogo, maana hewa ndiyo inayoifubaza.

Mlamba Chumvi: Kizibo changu kimekatikia ndani tayari.
Jibu: Pitisha wiski kwenye karatasi ya kuchujia kahawa, uliyoisuuza kwanza kwa maji. Na vizibo vya chupa zilizokwisha msitupe, vingi vinaingiliana.