Kuweka marumaru nyumbani: tazama unyevu kwanza, rangi itafuata

Wateja wengi wanaponipigia simu huwa wameshanunua. Maboksi yamepangwa ukumbini, mama mwenye nyumba ameshachagua rangi, na wanachotaka kujua ni siku tu: fundi, unakuja lini? Mimi swali langu la mwanzo huwa jengine: sakafu yenu inavuta maji?

Hapa Unguja nyumba nyingi zimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na za zamani zilimwagwa zege bila nailoni chini yake. Maji hupanda taratibu, yanapanda na chumvi. Marumaru haiponyi hali hiyo, inaifunika tu mpaka maungio yaanze kutoa unga mweupe.

Hatua ya 1: Pima unyevu

Kata nailoni nene inayoonyesha, kama mita moja kwa mita moja. Itandaze sakafuni, ziba kingo zote kwa utepe wa gundi, uiache usiku na mchana. Ukiifunua ukakuta matone au sakafu imekoza rangi, hapo pana maji. Rudia karibu na ukuta wa nje na upande unaopakana na msala. Kipimo cha Januari, kaskazi inavuma na kila kitu kimekauka, kinaweza kukudanganya. Cha wakati wa masika, Machi hadi Mei, ndicho nnachokiamini.

Pakiwa na maji, tafuta yanakotoka. Mara nyingi ni bomba linalovuja, au maji ya paa yanayomwagika kwenye msingi, au udongo wa uwani uliojazwa mpaka ukawa juu kuliko sakafu ya ndani. Hayo yanatengenezeka. Ikiwa yanapanda kutoka ardhini, itabidi utandike nailoni nzito na kumwaga sakafu mpya juu yake, kisha uisubiri kama wiki nne ikauke. Najua hakuna anayependa kusikia habari ya wiki nne.

Mchanga wa kazi hii usiwe wa pwani. Una chumvi, na utakuwa umeileta ndani mwenyewe.

Hatua ya 2: Angalia milango

Marumaru pamoja na gundi huinua sakafu kwa sentimita moja na nusu hadi mbili. Mlango wa mbao za kawaida utaupiga randa chini. Mlango wa nakshi usiuguse. Bora uchimbe sakafu ya zamani uishushe.

Kama unakaa ghorofani Mji Mkongwe, sakafu yako inabebwa na boriti. Usimwage zege wala kubandika marumaru nzito juu yake kabla mtu anayejua majengo hayo hajaikagua. Mji huo uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, kwa hiyo ukarabati wa huko una ruhusa zake pia.

Hatua ya 3: Hesabu, kisha nunua

Chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni mita za mraba 14. Ongeza asilimia 10 ya kukatwa na kuvunjika: 15.4. Marumaru za sentimita 60 kwa 60 kwa kawaida huja nne kwa boksi, yaani mita za mraba 1.44, kwa hiyo utahitaji maboksi 11. Hakikisha namba ya rangi iliyoandikwa ubavuni mwa maboksi ni moja yote.

Zile zinazong'aa kama kioo ni nzuri kwa macho. Lakini sisi ndani hatuvai viatu, na mtu anayetoka kutawadha ana miguu mimaji. Msalani na jikoni weka zenye uso wa kukwaruza.

Hatua ya 4: Piga uzi

Kuta zetu hazijanyooka, usizifuate. Tafuta katikati ya chumba, piga nyuzi mbili zinazokatana. Kuhakiki pembe, pima sentimita 90 kwenye uzi mmoja na 120 kwenye wa pili. Umbali baina ya alama hizo uwe 150 kamili. Zipange marumaru kavu kwanza, bila gundi, uone vipande vya kukatwa vinaangukia wapi. Kipande chembamba kisikae mlangoni, ndipo mgeni anapotazama.

Hatua ya 5: Laza

Fagia, futa vumbi lote. Tia maji ndooni kwanza ndipo unga wa gundi, koroga, uache dakika chache, koroga tena. Ikianza kukaza usiongeze maji. Paka kwa mwiko wa meno, mistari ielekee upande mmoja, eneo la marumaru tatu au nne tu, kwa sababu joto letu hukausha juu haraka. Gusa kwa kidole: isiponata, ikwangue upake upya.

Kuna mafundi wanaoweka vibonge vitano, pembeni vinne na kimoja kati, kisha wanagonga. Kazi inakwenda mbio, lakini chini pamebaki mashimo. Siku friji linapoburutwa, kona inapasuka. Ukiweka mtu, mwambie abandue moja mbele yako: gundi iwe imeenea mgongo mzima. Baada ya kukauka gonga kwa sarafu. Panapolia kitupu, pabanduliwe.

Tumia vimisalaba vya plastiki ili maungio yalingane, hakiki usawa kwa pima maji kila unapolaza, na acha nafasi ya milimita tano ukutani. Skatingi, ile ya kuzunguka chini ya ukuta, itaificha.

Msalani mteremko uwe sentimita moja na nusu hadi mbili kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la maji. Mwaga ndoo ya maji kabla hujabandika kitu. Yakituama popote, rekebisha sakafu, usitegemee gundi kukusaidia.

Hatua ya 6: Jaza maungio

Asikanyage mtu kwa saa 24. Kisha sukuma grauti, yaani rojo la kujazia maungio, kwa mpira, ukienda mshazari, na ufute kwa sponji iliyokamuliwa sana. Ukungu utakaobaki uondoe kesho yake kwa kitambaa kikavu. Tindikali usitie, inaila grauti.

Zilizobaki zihifadhi pamoja na kipande cha boksi chenye ile namba. Bomba likipasuka chini ya sakafu miaka mitano baadaye, huenda dukani usizipate tena.