Mpime kasuku asubuhi, kabla hajala

Kasuku huficha ugonjwa, na manyoya humfanya hata aliyekonda aonekane mnene. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja itakuambia mapema. Weka kijiti cha kutua juu yake, bonyeza sifuri, kisha mpandishe akishatoa choo cha kwanza cha asubuhi na kabla hajala, maana chakula kilichojaa kwenye mfuko wa kooni hupandisha uzito. Andika kila siku. Kasuku wa kijivu wengi wana gramu 400 hadi 550, lakini mlinganishe na uzito wake mwenyewe. Akipungua asilimia 10 (gramu 45 kwa mwenye 450), mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, hata kama bado anapiga mluzi.

Kwa shuga glaida, yule mnyama mdogo wa Australia anayetembea usiku, pima jioni anapoamka, ndani ya kifuko chake cha kulalia, baada ya kukipima kwanza kikiwa kitupu. Huwa na gramu 80 hadi 160 tu, kwa hiyo kupungua gramu 10 ni kwingi.

Mizani hudanganya kwa kasuku anayekaribia kutaga, kwa glaida mwenye mtoto ndani ya mfuko wa tumboni mwake, na tumbo likijaa maji. Kwa kasuku, hapo papasa mfupa wa kifua: ukichongoka, amekonda.