Namna ya kumpata wakili wa shauri la talaka, malezi na matunzo ya watoto Tanzania Bara

Watu wengi hufika ofisini kwa wakili wakiwa na neno moja tu mdomoni, "nataka talaka," ilhali ndani ya neno hilo mna mambo manne yanayoamuliwa kwa vigezo tofauti: kuvunjwa kwa ndoa yenyewe, nani akae na watoto, nani atoe matunzo na kwa kiasi gani, na mgawanyo wa mali iliyochumwa wakati wa ndoa. Wakili aliyelipwa kwa ajili ya talaka peke yake anaweza kuipata talaka hiyo na kukuacha unaanza upya kudai ada ya shule. Kwa hiyo, kabla hujamtafuta mtu yeyote, kaa chini uandike unachokitaka katika kila moja ya mambo hayo, na uandike pia lile ambalo uko tayari kuliachia.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara, ambako Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatumika kwa waliofunga ndoa msikitini, kanisani, bomani na kimila. Zanzibar ina utaratibu wake, na mashauri ya ndoa za Waislamu huko husikilizwa na Mahakama ya Kadhi. Mkazi wa Unguja au Pemba atafute mtu aliyezoea mahakama hizo.

Jambo linalowakwamisha wengi ni baraza la usuluhishi wa ndoa. Sheria inataka wanandoa wapite kwanza kwenye baraza, liwe la kata, la BAKWATA au la kanisa lenye baraza linalotambuliwa, na likishindwa kuwapatanisha litoe hati ya kuthibitisha hivyo, ile ambayo wengi huiita Fomu Namba 3. Hati hiyo lazima iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya maombi ya talaka kufunguliwa mahakamani. Niliwahi kumsindikiza ndugu yangu kwa wakili wa pili baada ya shauri lake la kwanza kuondolewa mahakamani. Mama yule wakili hakuuliza habari za ugomvi hata kidogo. Alinyoosha mkono kuiomba fomu ya baraza, akaitazama tarehe, akaupitisha ukucha juu ya mhuri uliofifia, kisha akasema taratibu kwamba hati ilikuwa imepitiliza miezi sita siku ile wakili wa kwanza alipofungua maombi. Miezi mingi ya kupanda na kushuka, nauli na ada ya uwakili, vilipotea kwa sababu hakuna aliyehesabu kalenda. Tangu siku hiyo naamini kwamba wakili wa ndoa hupimwa kwa maswali anayoyauliza siku ya kwanza kuliko kwa maneno anayoyasema.

Zipo hali ambazo sheria inamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kupita barazani, kwa mfano mwenzi alipomtelekeza mwenzake na hajulikani aliko, au alipoitwa barazani akakataa kwa makusudi kufika. Vilevile, ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haifunguliwi shauri la talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama. Na kwa ndoa ya Kiislamu, talaka iliyotamkwa nyumbani haimalizi mambo kisheria. Ikitamkwa baada ya baraza kuthibitisha kwamba limeshindwa kusuluhisha, kitendo hicho ndicho huifanya mahakama ione kuwa ndoa imevunjika na kuendelea kutoa amri yake. Wakili asiyekuuliza ndoa yenu ina umri gani, ilifungwa wapi na baraza lilisema nini, anaanza kazi akiwa gizani.

Kabla ya kulipa hata shilingi, hakikisha kwamba unayeongea naye ni wakili kweli. Si kila mwanasheria ni wakili: shahada ya sheria haitoshi, bali ni lazima mtu awe ameapishwa na kuandikishwa katika orodha ya mawakili, na awe na cheti cha kufanya kazi ya uwakili kinachohuishwa kila mwaka. Jina lake unaweza kulitafuta katika mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania, au uulize Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS. Vishoka wamejaa karibu na mageti ya mahakama, wengine wakiwa na mikoba mizuri na mihuri ya kuchonga. Wanajua lugha ya mahakamani, lakini nyaraka wanazoziandaa zinaweza kukataliwa, na hakuna pa kuwashtaki kinidhamu kwa kuwa hawamo katika orodha yoyote. Wakili halali hatakasirika ukimwomba namba yake ya uandikishaji.

Ukishawapata wawili au watatu walio halali, nenda uzungumze na kila mmoja, hata kama utalipia mazungumzo hayo. Uliza ni mashauri mangapi ya ndoa ameyasimamia hadi hukumu, na mbele ya mahakama ya ngazi gani. Shauri la ndoa linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, na uchaguzi huo unagusa gharama, muda na hata kama wakili anaweza kusimama nawe. Kwa miaka mingi mawakili hawakuruhusiwa kabisa katika Mahakama ya Mwanzo. Marekebisho ya sheria ya 2021 yaliwafungulia mlango pale tu shauri linaposikilizwa na hakimu mkazi. Wakili mkweli anaweza hata kukwambia kwamba shauri lako ni dogo, ulifungue mwenyewe Mahakama ya Mwanzo, naye akuandae tu nyumbani. Dar es Salaam pana Kituo Jumuishi cha masuala ya familia kilichopo Temeke, chenye ngazi mbalimbali za mahakama mahali pamoja, na wakili anayekwenda huko mara kwa mara atakueleza utaratibu wake bila kubabaika.

Sikiliza zaidi anavyozungumzia watoto. Sheria inaweka mbele ustawi wa mtoto, kisha inatazama matakwa ya wazazi, ya mtoto mwenyewe akiwa amefikia umri wa kutoa maoni yake, na mila za jamii husika. Kuna dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni bora akae na mama yake, lakini dhana hiyo hupingika kwa ushahidi, na mahakama hupima pia madhara ya kumhamisha mtoto mahali alipozoea. Kwa hiyo wakili makini atauliza: watoto wanalala kwa nani sasa? Nani huwapeleka shule na kliniki? Mwalimu wa darasa anamfahamu nani? Anajua kwamba mahakama inaweza kuagiza taarifa ya afisa ustawi wa jamii, na kwamba afisa huyo huenda akafika nyumbani kuona. Anayekuahidi siku ya kwanza kwamba "watoto utawapata tu," au anayekushauri uwafiche wasionane na mzazi mwenzako, mkimbie. Mtoto akifanywa silaha anaumia yeye kwanza, na hakimu naye huliona hilo.

Kuhusu mali, mwulize wakili ataonyeshaje mchango wako. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani na malezi huhesabiwa kuwa mchango katika kuchuma mali. Hata hivyo mchango huo unahitaji kuelezwa na kushuhudiwa. Mama aliyefuga kuku, aliyesimamia mafundi, aliyepika kwa ajili ya vibarua wa ujenzi, aseme hivyo na awataje waliomwona.

Ushahidi wa matunzo ndio unaodharauliwa kuliko yote. Wajibu wa kuwatunza watoto humwangukia baba kwanza, na mama pale baba asipokuwepo au asipoweza, lakini kiasi hupangwa kwa kutazama kipato na mahitaji. Anza leo daftari moja: upande wa kushoto tarehe, katikati kitu, kulia fedha. Unga, mafuta ya taa au gesi, sare, kiatu kilichotoboka kikanunuliwa kingine, dawa ya kikohozi, nauli ya bodaboda siku ya mvua. Bandika risiti ya duka pembeni, na uhifadhi ujumbe wa miamala ya simu bila kuufuta, wa kutumiwa na wa kutuma. Daftari la miezi mitatu lililoandikwa kwa mkono mmoja linasema mengi kuliko kauli ya "hatoi chochote." Pamoja nalo peleka cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na hati ya baraza, nakala mpe wakili, halisi ubaki nazo hadi mahakama izihitaji.

Malipo yawe kwa maandishi. Ipo Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015 inayoongoza viwango, lakini makubaliano yenu ndiyo yatakayokulinda: yaeleze kazi ipi imelipiwa, kama ada za mahakama na nauli zimo, kama rufaa na kukaza hukumu, yaani kuifanya itekelezwe, ni malipo mapya, na nani hasa atasimama mahakamani, yeye au kijana wa ofisini kwake. Lipa kwa awamu na udai risiti kila mara. Usikubali kumwahidi sehemu ya nyumba, na usikubali wakili mmoja awawakilishe wote wawili hata kama mnaelewana, kwa sababu siku mtakapotofautiana hatakuwa wa yeyote.

Asiye na fedha asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria walioko wilayani. TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wamekuwa wakiwasaidia watu katika mashauri haya. Anayedai matunzo ya mtoto peke yake, bila talaka, aanzie ofisi ya ustawi wa jamii, na ikishindikana afungue maombi Mahakama ya Watoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya 2009.

Ukishamwajiri, mweleze ukweli wote, hasa ule unaokuaibisha, kwa kuwa upande wa pili utausema. Omba nakala ya kila kinachowasilishwa na uandike tarehe za kuitwa shauri mwenyewe. Akitoweka na fedha zako, Kamati ya Mawakili hupokea malalamiko. Na siku hukumu itakaposomwa, usiondoke bila kujua lini utapata nakala ya hukumu na ya amri ya talaka, kwa sababu muda wa kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Kisha mwulize wakili wako kama amri hiyo imepelekwa RITA, wakala wa usajili wa serikali, kusajiliwa.