Kujifunza muziki wa Karnatiki: sikio litangulie koo

Muziki wa Karnatiki, yaani muziki wa kale wa kusini mwa India, umesimama juu ya sauti moja isiyokatika: Sa. Swara (noti) ni saba: Sa, Ri, Ga, Ma, Pa, Dha, Ni. Nyingine zote hupimwa kwa Sa, ndiyo maana hakuna zoezi linalofanywa bila tambura, ala ya nyuzi inayoshikilia Sa, kuvuma nyuma. Kama huna tambura, programu ya simu inatosha, ila iunganishe na spika kubwa kidogo. Spika ya simu yenyewe humeza uzi wa chini, nao ndio unaouhitaji zaidi.

Kwanza tafuta Sa yako. Shuka taratibu hadi Pa ya chini, kisha panda hadi Pa ya juu. Zote mbili zifikike bila kukaza koo. Kwa noti za kinanda, wanaume wengi hutua karibu na C au D, wanawake karibu na G. Walimu huhesabu kwa kattai, yaani namba za kimo cha Sa: kattai 1 ni C, 2 ni D, 5 ni G. Ukishaipata usiihamishe kila wiki, maana sikio huchukua miezi kuizoea.

Dakika 5 za mwanzo usiimbe chochote. Tambura ina nyuzi 4, na mara nyingi hupigwa hivi: Pa, Sa, Sa, kisha Sa ya chini. Tega sikio pale uzi wa mwisho unapofifia. Utasikia swara nyingine ikielea juu ya mvumo wake, na hakuna uzi uliofungwa kwa swara hiyo. Ni Ga. Huenda ikakuchukua siku kadhaa kuisikia, lakini ukishaisikia mara moja haitakupotea tena.

Sasa imba Sa kwa “aa”, mdomo wazi, pumzi moja ya sekunde 8 hadi 10. Ukiwa pembeni kidogo ya tambura, utasikia sauti mbili zikigombana kwa mawimbi: uu-uu-uu. Kadiri unavyokaribia, mawimbi hupungua kasi, kisha hutulia. Sauti yako ikionekana kama imezama ndani ya tambura, umefika. Fanya hivyo hivyo kwa Pa, halafu Sa ya juu. Wengi hushuka chini ya swara mwishoni mwa pumzi, kwa sababu pumzi inaisha nao bado wanang'ang'ania. Afadhali ukate mapema kuliko kumalizia pembeni.

Mazoezi ya mwanzo huimbwa katika raga (mpangilio wa swara wenye sura yake) ya Mayamalavagowla, ya 15 kati ya raga mama 72, yaani zile za msingi zenye swara zote saba. Kwa mapokeo, aliyeiweka mwanzoni ni Purandara Dasa, mtunzi wa karne ya 16. Sababu yake utaisikia mwenyewe: Ri iko nusu hatua tu (kama kutoka kibonye kimoja cha kinanda hadi cha jirani) juu ya Sa, kisha kuna mruko mrefu wa nusu hatua 3 hadi Ga, na Ma inafuata kwa karibu. Kuanzia Pa, umbo hilo hilo linarudiwa: Dha, mruko, Ni, Sa. Ukiweza nusu ya chini, ya juu inajifunza yenyewe. Panapoharibika ni kwenye mruko. Koo huvivia, Ga ikatoka chini kuliko inavyotakiwa, na baada yake kila kitu kinapinda. Dawa ni kuiacha Ri kando kwa muda: imba Sa–Ga–Sa mara 10, ukiilinganisha na ile Ga inayoelea kwenye tambura, kisha urudishe Ri.

Zoezi la kwanza kabisa ni sa ri ga ma, pa dha ni sa, kisha kurudi, ndani ya tala (mzunguko wa mapigo) iitwayo Adi, yenye mapigo 8. Mkono wa kulia juu ya paja: piga kofi, gusa kwa kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, kofi, geuza kiganja, kofi, geuza kiganja. Weka metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye mapigo 60 kwa dakika. Mara ya kwanza imba swara moja kwa pigo, kisha mbili, kisha nne. Mkono usibadilike hata kidogo. Hapa ndipo wanaoanza huanguka: mdomo ukikimbia, mkono nao unaukimbilia. Likikutokea, acha kuimba, tamka silabi za mdundo ta-ka-di-mi kwa kasi zote tatu huku mkono ukitembea vilevile, ndipo urudi kwenye swara.

Kwa kusikiliza, chukua kriti (wimbo uliotungwa) moja, ya mwimbaji mmoja, ukae nayo wiki nzima. Siku ya kwanza shika Sa tu. Siku ya pili fuata tala kwa mkono, ukijua kwamba nyimbo nyingi hazianzi kwenye kofi la kwanza bali nusu pigo au zaidi baadaye. Ukipotea, tafuta video na utazame mkono wa mwimbaji. Baada ya hapo tenga sehemu zake: pallavi (mstari wa mwanzo unaorudiwa), anupallavi (sehemu inayoufuata), charanam (ubeti). Kisha hesabu sangati, yaani namna mstari ule ule unavyorudiwa ukipambwa zaidi kila mara.

Kutambua raga kunahitaji jozi. Mohanam na Hamsadhwani zote huanza Sa Ri Ga Pa. Ya kwanza huendelea kwa Dha, ya pili kwa Ni. Shankarabharanam na Kalyani hutofautiana kwa Ma peke yake.

Halafu kuna gamaka, yaani kuyumbisha na kupamba swara, na hapa karatasi haisaidii. Ga ya raga ya Todi huandikwa kama swara moja, lakini haisimami: huyumba kati ya Ri na Ma, na wimbi hilo ndilo swara yenyewe. Anayeiimba wima, kama kinanda, hajaimba Todi. Kata kipande cha sekunde 10, kipunguze kasi hadi nusu, ukisikilize mara 5 kimya, kisha uimbe mara 1. Usitikise taya wala kichwa. Sauti ndiyo inayotembea kutoka swara hadi swara, tena kwa wakati wa tala. Jirekodi, lakini usikilize kesho yake, kwa sababu dakika ile ile sikio bado linasikia ulichokusudia badala ya ulichoimba.

Mwalimu unamhitaji, hata mara moja kwa wiki, kwa ajili ya gamaka hasa: kosa lililoimbwa miezi 3 bila kurekebishwa huchukua muda mrefu zaidi ya huo kung'oka.