Wazazi Wakitengana: Maswali ya Kisheria Kuhusu Malezi na Matunzo ya Mtoto

Wazazi wanapoachana, maswali wanayoyapeleka kwa wakili au kwa afisa wa ustawi wa jamii hufanana sana, hata pale sheria za nchi zao zinapotofautiana: mtoto atakaa na nani, nani atatoa nini, na itakuwaje mmoja wao asipotimiza wajibu wake. Maelezo haya yanafuata misingi inayopatikana katika sheria za nchi nyingi na katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao umeridhiwa na karibu nchi zote duniani. Umri, viwango vya fedha, majina ya mahakama na taratibu za kufungua maombi ni mambo ya kuyathibitisha katika sheria ya mahali mtoto anapoishi, kwa kuwa kwa kawaida mahakama ya huko ndiyo yenye mamlaka ya kusikiliza shauri lake.

Malezi na matunzo ni mambo mawili

Kutolielewa jambo hili huharibu mashauri mengi kuliko kosa lingine lolote, kwa hiyo ni vyema kuanza nalo. Malezi yanahusu mtoto atakaa wapi, nani atamhudumia kila siku na nani atakuwa na sauti katika maamuzi ya maisha yake. Matunzo yanahusu fedha na mahitaji. Mzazi anayezuiwa kumwona mwanawe hana ruhusa ya kusitisha fedha za matunzo kwa sababu hiyo, na mzazi asiyepokea fedha hana ruhusa ya kumfungia mwenzake mlango siku ya kumwona mtoto. Haki zote mbili ni za mtoto, na mzazi hawezi kuuza au kusamehe kitu kisicho chake. Ndiyo maana hata makubaliano ya maandishi yanayosema kwamba baba hatadaiwa matunzo ilimradi asije kumwona mtoto yanaweza kukataliwa na mahakama, ingawa wote wawili wameyatia saini kwa hiari yao.

Anayenyimwa nafasi ya kumwona mtoto aendelee kulipa, atunze uthibitisho wa malipo, kisha apeleke maombi ya kutekelezewa haki hiyo. Asiyelipwa amruhusu mtoto aende kwa mzazi mwenzake kama ilivyopangwa, kisha adai fedha kwa njia ya mahakama. Najua ushauri huu ni mgumu kuupokea kwa mtu aliyeumizwa, lakini anayefika mbele ya hakimu akiwa ametimiza sehemu yake husikilizwa kwa namna tofauti kabisa na anayefika akiwa amelipiza kisasi.

Je, mama ndiye anayepewa mtoto siku zote?

Hapana. Kipimo kinachotumika ni maslahi bora ya mtoto, ambayo kifungu cha 3 cha Mkataba wa mwaka 1989 kinataka yazingatiwe kwanza katika kila uamuzi unaomhusu. Zipo sheria zinazoanza na dhana fulani. Kwa mfano, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inachukulia kwamba ni vyema mtoto aliye chini ya umri wa miaka 7 akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi, na sheria yenyewe inaitaka mahakama ifikirie madhara ya kumhamisha mtoto kutoka mazingira aliyoyazoea.

Katika kupima maslahi hayo, mahakama huangalia nani amekuwa akimlea mtoto mpaka sasa, usalama wa kila nyumba, afya na mahitaji maalumu ya mtoto, shule yake, ndugu zake, na uwezo wa kila mzazi wa kumheshimu mwenzake mbele ya mtoto. Hilo la mwisho lina uzito ambao wazazi wengi hawautarajii. Mzazi anayemsema vibaya mwenzake kila siku, au anayempa mtoto kazi ya kupeleka ujumbe wa madai, anajidhoofishia shauri lake mwenyewe. Kipato kikubwa, kwa upande mwingine, hakitoshi kumpa mtu mtoto, kwa kuwa pengo la fedha ndilo linalozibwa na matunzo. Uzinzi nao, au kosa lililovunja ndoa, mara nyingi hauna nguvu katika suala la malezi isipokuwa umemgusa mtoto moja kwa moja.

Mtoto mwenyewe ana haki ya kusikilizwa kulingana na umri na ukomavu wake, kama kifungu cha 12 cha Mkataba kinavyoeleza. Hakimu anaweza kuzungumza naye faraghani au kumtuma afisa wa ustawi wa jamii aandike taarifa baada ya kutembelea nyumba zote mbili. Maoni hayo huzingatiwa, lakini mtoto hapewi mzigo wa kuamua. Msimfundishe la kusema. Maofisa wenye uzoefu hulitambua haraka jibu la kukaririshwa, na mtoto hubaki na uchungu wa kuambiwa amsaliti mmoja wenu.

Ikumbukwe pia kwamba kukaa na mtoto si sawa na kuwa na maamuzi yote. Amri inaweza kusema kwamba mtoto ataishi na mzazi mmoja, huku maamuzi makubwa kama vile shule, upasuaji na safari za nje ya nchi yakibaki kwa wote wawili. Usiposoma amri yako kwa makini unaweza kuivunja bila kukusudia.

Namna ya kuandika makubaliano yanayotekelezeka

Wazazi wanaoweza kuzungumza wana nafasi ya kupanga mambo yao wenyewe, kwa msaada wa msuluhishi au wazee wanaoaminiwa na pande zote, kisha kuyapeleka makubaliano hayo mahakamani ili yawe amri. Hatua hiyo ya mwisho isiachwe. Makubaliano yaliyobaki kwenye karatasi ya nyumbani ni ushahidi mzuri wa mlichokubaliana, lakini kwa kawaida hayawezi kukazwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu ya sheria, kama amri ya mahakama inavyokazwa.

Udhaifu wa makubaliano mengi ni maneno ya jumla. Sentensi inayosema kwamba "baba atamwona mtoto mara kwa mara" inaonekana ya ukarimu siku ya kutia saini na huzaa ugomvi mwezi unaofuata. Linganisha na hii: "Baba atamchukua mtoto shuleni siku ya Ijumaa masomo yanapoisha, kila baada ya wiki mbili kuanzia tarehe iliyotajwa hapa, na atamrudisha nyumbani kwa mama Jumapili saa kumi na mbili jioni. Atakayechelewa zaidi ya nusu saa atatoa taarifa kwa ujumbe wa simu. Mtoto akiwa mgonjwa, zamu hiyo itahamishiwa wiki inayofuata." Hapo hakuna wa kubahatisha. Endeleeni kwa mtindo huohuo kuhusu likizo za shule, sikukuu, siku ya kuzaliwa, simu za jioni, nani atashika pasipoti na cheti cha kuzaliwa, na mtaarifiana vipi mtoto akilazwa hospitalini.

Ushauri huu wa kukaa mezani haumhusu mzazi aliyepigwa, aliyetishwa au ambaye mtoto wake ameumizwa. Huyo hapaswi kushinikizwa kuingia kwenye usuluhishi wa ana kwa ana. Aanze kwa polisi na mahakama kuomba amri ya ulinzi, na suala la kumwona mtoto lipangwe baadaye, ikibidi kwa usimamizi wa mtu wa tatu. Haki ya mtoto ya kuwasiliana na wazazi wote wawili, iliyomo katika kifungu cha 9, ina mpaka unaotajwa papo hapo: isipokuwa pale inapokuwa kinyume na maslahi yake.

Matunzo hukadiriwaje?

Nchi zimechukua njia tofauti. Uingereza na Australia zina vyombo vya serikali vinavyokokotoa kiwango kwa fomula inayotazama kipato cha mzazi, idadi ya watoto na siku wanazolala kwake. Nchini Marekani kila jimbo lina mwongozo wake wa viwango. Kwingineko kazi hiyo ni ya hakimu, anayepima mahitaji ya mtoto upande mmoja na uwezo wa wazazi wote wawili upande mwingine. Wajibu ni wa wazazi wote wawili. Anayekaa na mtoto huhesabiwa kuwa anachangia pia kwa kazi ya kila siku ya kumlea.

Pale ambapo hakimu ndiye anayekadiria, anayekuja na hesabu hupata zaidi ya anayekuja na malalamiko. Andaa jedwali la mahitaji ya mtoto kwa mwezi: chakula, sehemu yake ya kodi ya nyumba, umeme na maji, nauli, matibabu, ada na mavazi. Gharama zinazokuja mara moja kwa mwaka zigawanywe kwa 12. Sare, viatu na madaftari hununuliwa muhula unapoanza na ndiyo maana husahaulika. Ukiziandika kama fungu la kila mwezi, hazitakuwa dharura ya kugombaniwa kila mwanzo wa mwaka. Ambatisha risiti, na pale ambapo hazipo, eleza bei uliyolipa na lini. Usiongeze chumvi, kwani kiasi kimoja kisicho cha kweli hutosha kutia shaka jedwali zima.

Swali la mzazi anayeficha kipato huulizwa kila mara. Mtu aliyejiajiri anaweza kudai kwamba hana kitu, lakini mahakama inaweza kuagiza taarifa za benki na za miamala ya simu, leseni ya biashara, na kutazama aina ya maisha anayoishi. Ukiwa na picha ya duka lake, tangazo la huduma zake au shahidi anayefahamu shughuli zake, vipeleke, ilimradi umevipata kwa njia halali. Kuingia katika simu ya mtu bila ridhaa yake kunaweza kukugeuza wewe kuwa mkosaji.

Matunzo hayategemei ndoa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, katika kifungu cha 18, unakataza mtoto kunyimwa matunzo kwa sababu ya hali ya ndoa ya wazazi wake, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 53, inaweka wajibu sawa kwa mama na baba, wawe wameoana au hawajaoana. Baba akikana mtoto, mahakama inaweza kutumia cheti cha kuzaliwa, ushahidi wa mahusiano, au kuagiza kipimo cha vinasaba.

Kwa anayelipa, kanuni ni fupi: usitoe fedha taslimu bila saini. Tuma kwa benki au kwa simu, na pale panapowezekana andika kwenye maelezo ya muamala jina la mwezi na neno "matunzo". Zawadi, nguo za sikukuu na fedha alizopewa mtoto mkononi kwa kawaida hazihesabiwi kama malipo ya amri, hata kama zimezidi kiwango chenyewe.

Wajibu huu kwa kawaida hudumu mpaka mtoto afikishe umri wa utu uzima, ambao katika nchi nyingi ni miaka 18, na unaweza kuendelea akiwa bado anasoma au akiwa na ulemavu unaomfanya ategemee wengine. Kuoa au kuolewa tena hakuufuti.

Hali ikibadilika, na amri isipotekelezwa

Mzazi aliyepoteza kazi au aliyeugua arudi mahakamani mara moja kuomba amri ibadilishwe. Anayenyamaza kwa miezi mingi akitumaini kwamba ataeleweka hujikuta na malimbikizo, na mahakama nyingi husita au hukataa kabisa kufuta deni lililokwisha kuiva. Mpaka amri mpya itoke, alipe angalau sehemu anayoiweza na aeleze kwa maandishi sababu ya upungufu. Vivyo hivyo, anayepokea anaweza kuomba kiwango kiongezwe mahitaji ya mtoto yanapokua au kipato cha mwenzake kinapopanda.

Asiyelipa makusudi anaweza kukatwa mshahara kupitia mwajiri wake, kukamatiwa mali, au hata kufungwa kwa kudharau amri. Peleka nakala ya amri, orodha ya miezi isiyolipwa na jumla ya deni. Shauri likiwa bado linasikilizwa na mtoto anahitaji kula leo, omba amri ya muda. Watu wengi hawajui kwamba ipo, na husubiri hukumu kwa mateso yasiyo ya lazima. Asiyemudu wakili aulize mahakamani au katika ofisi ya ustawi wa jamii kuhusu msaada wa kisheria kabla ya kufungua chochote.

Mzazi akitaka kuhama na mtoto

Kuhamia mji wa mbali au nchi nyingine mara nyingi kunahitaji ridhaa ya maandishi ya mzazi mwingine mwenye haki za malezi, au ruhusa ya mahakama. Anayeondoka kimya anajiweka katika hatari kubwa, kwa kuwa Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 kuhusu utekaji wa watoto unaofanywa kimataifa unaagiza mtoto aliye chini ya umri wa miaka 16 arudishwe katika nchi alikokuwa akiishi, ili mahakama za huko ndizo ziamue kuhusu malezi yake. Mkataba huo hufanya kazi baina ya nchi zilizojiunga nao tu, kwa hiyo jambo la kwanza kwa mzazi aliyeachwa ni kuuliza kama nchi zote mbili zimo. Kama zimo, awasiliane bila kuchelewa na mamlaka kuu, yaani ofisi iliyoteuliwa na nchi yake kushughulikia maombi ya mkataba huo, kwa kuwa maombi yakifika mahakamani kabla mwaka mmoja haujapita tangu mtoto aondolewe au azuiliwe isivyo halali, kanuni ni kwamba arudishwe mara moja, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na mkataba wenyewe. Na yakifika baada ya hapo, mzazi aliyemchukua anaweza kujitetea kwamba mtoto amekwisha kuyazoea makazi yake mapya.