Kudhibiti Panya Ghalani na Bandani: Mitego Kwanza, Sumu Baadaye

Mahindi yanapovunwa Kilosa au Mvomero na kuanikwa, kupukuchuliwa na kujazwa kwenye magunia, panya waliokuwa wakila shambani hukifuata chakula kule kilikohamishiwa, yaani ghalani, bandani na darini. Anayekuja kwa wingi ni panya shamba, ambaye hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu hivi na anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja. Ghalani humkuta panya wa darini, mwepesi wa kupanda kuta na kutembea juu ya kenchi, ambaye amekuwa akiishi humo mwaka mzima. Kwa kasi hiyo ya kuzaana, mkulima anapaswa kuanza kazi wiki chache kabla ya kuingiza mavuno ghalani, wala asisubiri hadi gunia la kwanza litobolewe.

Wengi wetu tukiona kinyesi cha panya hukimbilia sumu, na kwa maoni yangu huo ni mpangilio wa kinyumenyume. Panya aliyezungukwa na punje zilizomwagika hana haja ya kugusa chambo chako, na hata akifa, tundu aliloingilia hubaki wazi kwa ajili ya mwenzake. Chakula kinyimwe kwanza, tundu lizibwe, mtego utegwe, na sumu itumike mwisho ikiwa bado inahitajika.

Anza kwa kukagua jengo jioni ukiwa na tochi. Kinyesi kibichi ni cheusi, laini na chenye kung'aa, ilhali cha zamani huwa cha kijivu na hupukutika ukikigusa kwa kijiti. Panya hupita njia ileile kila usiku akiambaa na ukuta, kwa hiyo mafuta ya mwili wake huacha michirizi myeusi chini ya ukuta na juu ya boriti. Ukiwa na shaka, nyunyiza majivu yaliyochekechwa au unga kidogo sakafuni, kisha asubuhi usome nyayo. Ramani hiyo ndiyo itakayokuonyesha mahali pa kutega.

Baada ya hapo, fagia punje zilizomwagika, ondoa magunia matupu na takataka, na fyeka majani yanayozunguka jengo. Panga magunia juu ya chaga, ukiacha nafasi kati yake na ukuta inayokuwezesha kupita na kukagua. Katika banda la kuku, ondoa vyombo vya chakula kila jioni na okota mayai mapema, maana panya hula mayai na hata vifaranga wachanga. Ziba matundu kwa saruji iliyochanganywa na vipande vya chupa au waya, na madirisha uyafunike kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Ule wavu wa kawaida wa kufugia kuku una matundu makubwa mno kwa kazi hii. Ukiwa na kihenge cha miguu, funga kinga ya bati yenye umbo la faneli iliyogeuzwa kwenye kila mguu, karibu mita moja kutoka ardhini, na hakikisha hakuna tawi, ngazi wala jembe lililoegemezwa ambalo panya ataligeuza kuwa daraja.

Sasa tega. Mtego wa kubana wenye springi ni nafuu, hautumii sumu, na unakuonyesha wazi ulichokamata. Kosa linaloharibu kazi ya wengi ni kutega mmoja au miwili kwa mwezi mzima, wakati mitego mingi iliyotegwa kwa pamoja kwa siku chache hufanya kazi kubwa kuliko hiyo. Iweke kila baada ya mita 2 au 3 kwenye njia ulizozigundua, ikielekea ukutani ili upande wa chambo uguse ukuta, kwa sababu panya hapiti katikati ya chumba. Kwa panya wa darini, ifunge kwa waya juu ya boriti. Tumia kipande cha dagaa, karanga zilizopondwa au nazi iliyochomwa, kiasi cha ukucha tu, kikifungwa kwa uzi ili asikinyofoe bila kufyatua.

Panya wa darini huogopa kitu kigeni, kwa hiyo iache mitego ikiwa na chambo bila kuitega kwa siku tatu au nne, ale na kuizoea, kisha uitege yote usiku mmoja. Ikague kila asubuhi. Mitego ya gundi siipendekezi: humtesa mnyama kwa saa nyingi, na hunasa mijusi na ndege wasio na hatia.

Ikiwa baada ya wiki mbili dalili mpya bado zinaonekana, chambo cha sumu kina nafasi yake. Nunua kilichotengenezwa tayari, chenye lebo na kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Vile vipakiti visivyo na jina vinavyouzwa mtaani huweza kuwa na viuatilifu vikali vya mashambani ambavyo havikukusudiwa panya, na vimewahi kuua watu. Zinki fosfidi huua kwa haraka, lakini panya aliyekula kidogo akaugua hatakigusa tena, kwa hiyo hutanguliwa na siku chache za chakula kilekile kisicho na sumu. Dawa zinazozuia damu kuganda, kama bromadioloni, huua baada ya siku kadhaa, hivyo panya haihusishi sumu na ugonjwa wake; ongeza chambo hadi kisiliwe tena, kisha kusanya mabaki yote.

Kiweke ndani ya kisanduku cha mbao au kipande cha bomba kilichofungwa imara, mahali ambapo mtoto, kuku na mbuzi hawafiki, kamwe si juu ya nafaka. Paka, mbwa au bundi akila panya mwenye sumu anaweza kufa naye, jambo ambalo ni hasara tupu, kwani bundi mmoja anayeachwa aishi jirani na ghala hukamata panya usiku kucha bila malipo.

Mtu akimeza sumu, usimpe maziwa wala mafuta, na usimlazimishe kutapika. Mkimbize hospitali pamoja na pakiti yake, kwa sababu sumu za kuzuia damu kuganda hutibiwa kwa vitamini K1, ilhali zinki fosfidi haina dawa ya kuipinga.

Mizoga ichukuliwe kwa glovu au mfuko wa plastiki na kufukiwa kwenye shimo refu. Kabla ya kufagia kinyesi, kiloweshe kwa maji yenye dawa ya klorini ili vumbi lisipande, kwa kuwa mkojo wa panya hubeba vimelea vya leptospirosisi, ile homa ya Mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022. Katika maeneo yaliyowahi kupata tauni, kama Lushoto na Mbulu, nyunyizieni kwanza dawa ya viroboto kwenye mashimo na njia za panya, kisha ndipo muue panya, maana kiroboto hukimbia mzoga uliopoa na kutafuta damu ya binadamu. Mkiona panya wengi wamekufa bila kuwategea wala kuwawekea sumu, msiwaguse. Toeni taarifa kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kubalianeni na majirani mtege katika wiki ileile, kwa kuwa ghala lililosafishwa peke yake hujaa upya kutoka kwa jirani, kisha acheni mitego michache kwenye njia za zamani mwaka mzima na kuikagua angalau mara moja kila wiki.