Namna ya Kutumia Kamera Kutambua na Kufuatilia Vipande vya Chuma Vitokapo Tanuruni

Katika viwanda vya kufua chuma, utambulisho wa kipande hupotea kwa urahisi zaidi kati ya mlango wa tanuru na mashine ya kufulia, mahali ambapo lebo huungua na fundi hawezi kusogea kusoma namba. Kamera inaweza kuifanya kazi hiyo vizuri. Wengi, hata hivyo, huanza kwa kutafuta kamera ya bei kubwa, ilhali ugumu wenyewe uko kwenye mwanga, na hapo ndipo pa kuanzia.

Chuma huanza kung'aa chenyewe kinapokaribia nyuzi 525 za Selsiasi, na wakati wa kufuliwa huwa mara nyingi kati ya nyuzi 1,100 na 1,250. Kwa joto hilo kamera ya kawaida, ambayo kihisi chake cha silikoni hupokea hata miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, hadi karibu nanomita 1,100 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), huona doa jeupe lisilo na alama yoyote. Kinachotusaidia ni kwamba mng'ao huo haulingani katika rangi zote: kwenye nyuzi 1,200, nguvu ya mwanga mwekundu wa nanomita 650 huzidi zaidi ya mara 100 ile ya mwanga wa buluu wa nanomita 450. Kwa hiyo, funga kwenye lenzi kichujio kinachopitisha buluu pekee, kisha mulika kipande kwa taa za LED za rangi hiyohiyo, zikiwaka kwa nguvu katika muda uleule mfupi ambao kamera inapokea mwanga. Mng'ao wa chuma utafifia karibu wote, na picha itatokana na mwanga wako. Hakikisha kichujio kinazuia infraredi pia, kwa kuwa vichujio vingine vya rangi huipitisha bila mtu kutambua, na kazi yote ikaharibika. Taa zielekezwe kwa mshazari ili alama zilizogongwa zitupe kivuli, na zikingwe, kwa maana mwanga mkali wa buluu hudhuru macho ya wafanyakazi.

Alama yenyewe igongwe kwa nukta kabla kipande hakijaingia tanuruni. Msimbo wa Data Matrix, yaani mchoro wa mraba wa nukta unaobeba namba ya kipande, unafaa, kwa sababu umejengewa uwezo wa kusahihisha makosa na husomeka hata baadhi ya nukta zikiwa zimeharibika. Adui wake ni magamba ya oksidi, ambayo huota juu ya chuma na kuzimeza nukta zisizo na kina. Gonga kwa kina cha kutosha, na uweke brashi ya waya au mkondo wa hewa yenye shinikizo kabla ya sehemu ya kupigia picha.

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu. Tuseme msimbo una safu 12 kwa 12, kila nukta ina nafasi ya milimita 1.5, na kipande kinapita kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde. Katika milisekunde 1 kipande husogea milimita 1, yaani theluthi mbili za nafasi ya nukta, na picha huvurugika. Punguza muda wa kupokea mwanga hadi milisekunde 0.3 au chini yake. Ukitaka pikseli (vitone vidogo vinavyounda picha) 5 kwa kila nukta, kila pikseli itachukua milimita 0.3, na eneo la upana wa milimita 300 litahitaji pikseli 1,000 tu. Kamera ya kawaida kabisa inatosha. Kumbuka pia kwamba chuma kilichopata moto hurefuka kwa zaidi ya asilimia 1, hivyo programu isikatae msimbo kwa sababu ya ukubwa.

Kamera ikae mbali kadiri lenzi inavyoruhusu, ndani ya kasha linalopozwa kwa maji au hewa, huku hewa safi ikipulizwa mbele ya kioo kuzuia vumbi. Hewa ya moto hupindisha picha. Piga picha kadhaa mfululizo na uchukue ile inayosomeka.

Ndani ya tanuru kamera hizi haziwezi kusoma alama, kwa hiyo ufuatiliaji hutegemea foleni inayotunzwa na programu: kipande kikisomwa kwenye mlango wa kuingilia huongezwa kwenye foleni, kila hatua ya kisukumio, yaani mtambo unaosukuma vipande ndani ya tanuru, huisogeza, na kamera ya upande wa kutokea huthibitisha. Namba iliyosomwa isipolingana na iliyotarajiwa, mfumo usimamishe upokeaji wa kipande hicho na kumwita fundi. Kipande kisichosomeka kabisa kamwe kisipewe namba kwa kubahatisha, kwani kosa moja kwenye foleni huhamia kwa vyote vinavyofuata, na cheti cha ubora kikaenda na chuma kisicho chake. Kitengwe, kipoe, kisomwe kwa mkono, na picha yake ihifadhiwe pamoja na saa na joto lililopimwa. Picha hizo zikikusanyika ndizo zitakazoonyesha kama tatizo ni magamba, kioo kichafu au sindano ya kugongea iliyochakaa.